Nani Anashika Ufunguo wa Darasa?



Ukimaliza makala hii, rudi kwenye kurasa za historia za matawi yetu, ya upande huu wa mpaka na ya upande ule, uhesabu ni mara ngapi utakutana na neno "darasa". Tawi hili lilianzia darasa la pili la shule ya msingi. Lile lilianzia kwenye bwalo la sekondari. Jingine lilianzia chini ya mwembe wa shule mpaka mvua za masika zikawaingiza watu ndani. Tunapenda kusimulia habari hizo kwa sababu leo wengi tumejenga. Lakini ni wachache wanaouliza ule mlango wa darasa ulifunguliwaje. Nani alitoa ufunguo, kwa mamlaka gani, na ilikuwaje siku nyingine akaudai urudi?

Mimi nimehubiri kwenye madarasa karibu miaka ishirini. Nimekaa kwenye madawati ya watoto wadogo, magoti yakigusa kifua. Najua harufu ya chaki Jumapili asubuhi, na najua kwamba ubao wenye hesabu za Ijumaa haufutwi hovyo, maana mwalimu ameiacha kazi pale kwa makusudi. Swali la ufunguo limenifuata muda mrefu, na nilipolifuatilia nilikuta lina historia ndefu kuliko nilivyodhani, na sehemu yake kubwa iko mbali sana na sisi.

Tuanze na Efeso. Katika Matendo 19 Paulo anafukuzwa kwa maneno katika sinagogi, anawachukua wanafunzi wake, anahamia katika darasa la mtu mmoja aitwaye Tirano. Biblia yetu ya Kiswahili inatumia neno lile lile tunalotumia sisi: darasa. Alikaa humo miaka miwili. Ziko nakala chache za kale za kitabu hicho zinazoongeza kwamba alikuwa akifundisha tangu saa ya tano hadi saa ya kumi. Sisi wa Kiswahili hatuhitaji mfasiri hapo, saa zetu ni zile zile: saa tano asubuhi mpaka saa kumi alasiri, wakati wa jua kali, watu wa Efeso wamekula na kulala. Yaani kama nakala hizo zinasema kweli, Paulo alitumia darasa wakati mwenyewe halihitaji. Luka hatuambii alilipa kiasi gani wala kama alilipa. Tirano simjui zaidi ya jina lake, lakini namheshimu. Alikuwa na chumba kitupu mchana akakitoa.

Sasa njoo kwetu. Wamisionari walipoanza kazi katika nchi zetu, hapakuwa na suala la kuomba darasa. Nyumba ilikuwa moja. Jumatatu mpaka Ijumaa palikuwa na ubao na herufi, Jumapili palikuwa na mahubiri, na mara nyingi mwalimu ndiye aliyekuwa mhubiri. Kule Buganda waumini wa kwanza waliitwa "abasomi", wasomaji, na Wakikuyu wana neno lao "athomi" la maana hiyo hiyo. Mtu akisema fulani amekuwa msomaji, alimaanisha amebatizwa au yuko njiani kubatizwa. Shule na kanisa vilikuwa neno moja.

Baada ya uhuru serikali zikachukua shule, na zilikuwa na sababu. Taifa haliwezi kuacha elimu ya watoto wake igawanyike kwa madhehebu, huyu anapata nafasi kwa sababu ni wa dini hii na yule anakosa. Uganda ilianza na sheria ya elimu ya 1963. Kenya ikafuata 1968, ambapo makanisa yaliyojenga yalibaki kama wafadhili wa shule. Tanzania ilipitisha sheria yake 1969, shule zilizokuwa zikipata ruzuku zikawa za umma. Zaire ya Mobutu ilichukua zote 1974, ikashindwa kuziendesha, na mwaka 1977 ikatia saini mkataba wa kurudisha usimamizi kwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbanguisti. Ndiyo maana hata leo ndugu zetu wa Kongo wakitaka darasa inabidi kwanza waulize shule ni ya mkataba na kanisa gani, kabla hata ya kumwona prefe.

Sisi Wapentekoste tuko wapi katika habari hiyo? Wapo wenzetu waliojenga shule mapema, kama wamisionari wa Sweden kule Burundi na Wakanada pale Nyang'ori, Kenya. Lakini vikundi vingi vilivyozaliwa katika uamsho wa miaka ya 1970 na 1980 vilikuta shule zimeshajengwa na zimeshachukuliwa. Hatukuwa wafadhili wa shule yoyote. Hatukuwa na kiwanja. Tulikuwa na gitaa moja, ngoma, na watu. Tukabisha hodi kwenye majengo ambayo makanisa ya zamani yaliyajenga na serikali inayamiliki, tukiwa wapangaji wa Jumapili. Usishangae basi kama mfadhili wa shule, kanisa lenye jina lake kwenye jiwe la msingi, alitukunjia uso. Mimi nisingemlaumu sana.

Ili kuelewa vizuri hali hii, naomba twende New York. Najua ni mbali. Lakini huko ndiko swali la nani anaweza kupanga darasa la umma baada ya masomo lilibishaniwa mahakamani miaka mingi, na majaji wakaandika kila hoja, ya kutupendelea na ya kutupinga. Kwetu jambo hili huamuliwa kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, na halibaki popote.

Wa kwanza kufungua shule hizo usiku hawakuwa makanisa. Mwaka 1907 katika mji wa Rochester, jimbo la New York, majirani waliungana kudai kwamba majengo ya shule yasikae yamefungwa jioni. Aliyeendesha kazi hiyo ni Edward J. Ward, aliyekuwa mchungaji wa Presbiteri. Hoja yake ilikuwa rahisi: jengo limejengwa kwa kodi ya wote, watoto wakiondoka linabaki giza, na wakati huo huo watu wazima hawana mahali pa kukutana isipokuwa baa. Jioni madarasa yakajaa mijadala, muziki, mazoezi ya viungo, wahamiaji wakibishana mambo ya mji wao. Mabwana wa siasa wa pale hawakufurahi kuona wananchi wakijadiliana bila wao, na haikuchukua miaka mingi fedha zikakatwa. Lakini wazo lilishatoka. Mwaka 1911 jimbo la Wisconsin likapitisha sheria ya kufungulia vikundi vya wananchi milango ya shule.

Sheria ya elimu ya New York nayo ikaja kuwa na kifungu cha 414, chenye orodha ya shughuli zinazoruhusiwa shuleni baada ya saa za masomo: mafunzo, mikutano ya kijamii na ya kiraia, burudani, na mambo mengine ya manufaa kwa jamii. Soma orodha ile mwanzo hadi mwisho, hutaona ibada. Kwa miaka mingi viongozi wa shule walielewa hivi: skauti waingie, kwaya ya mtaa iingie, chama cha wakulima kiingie, kanisa libaki nje.

Kesi ya kwanza ilitoka Center Moriches, mji mdogo kwenye kisiwa cha Long Island. Kanisa liitwalo Lamb's Chapel liliomba ukumbi lionyeshe mfululizo wa filamu sita za Dkt. James Dobson kuhusu malezi na familia. Likakataliwa, mara mbili, kwa sababu filamu ni za dini. Mwaka 1993 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema majaji wote tisa kwa sauti moja kwamba hapo shule imekosea. Na hapa naomba uwe makini. Mahakama haikusema kanisa lina haki ya kuingia shuleni kwa kuwa ni kanisa. Ilisema hivi: kama umefungua ukumbi watu wazungumzie malezi ya watoto, huwezi kumfungia mtu mmoja kwa sababu tu anayazungumza kutoka upande wa imani. Ungewafungia wote, hilo lingekuwa jambo jingine.

Kisha ikaja Milford, mji mwingine mdogo wa jimbo hilo hilo. Klabu ya watoto ya Good News Club iliomba chumba baada ya kengele ya mwisho, watoto waimbe, wasome Biblia, wakariri mistari. Skauti wa kiume na wa kike walikuwa wanatumia jengo lile lile kuwafundisha watoto tabia njema. Klabu ikakataliwa. Mwaka 2001 majaji sita kwa watatu wakaipa ushindi, kwa hoja ile ile ya wenzao kuruhusiwa. Wale watatu waliopinga hawakuwa wajinga. Waliona watoto wadogo wanaweza kudhani kwamba anayewahubiria ni mwalimu wao, kwa kuwa wako kwenye jengo lile lile na kengele imelia dakika chache tu zilizopita. Sisi tunaoendesha shule ya Jumapili ndani ya madarasa tungefaa kuijadili hoja hiyo katika vikao vyetu.

Lakini kesi iliyonikaa moyoni ni ya Bronx. Kanisa dogo la mtaa liitwalo Bronx Household of Faith liliomba mwaka 1994 kupanga shule ya serikali kwa ibada za Jumapili. Jiji likakataa: mikutano sawa, ibada hapana. Kanisa likaenda mahakamani 1995, likashindwa. Baada ya ushindi wa Milford likarudi tena, na 2002 Jaji Loretta Preska akalizuia jiji kuwafungia mlango. Basi wakaanza kuabudu shuleni, na makumi ya makanisa mengine ya jiji yakafuata, mengi madogo, katika mitaa ambayo pango la ukumbi wa kawaida hakuna mchungaji angeliweza.

Miaka tisa wakakaa hivyo. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikageuza, majaji wawili kwa mmoja: jiji linaruhusiwa kukataza ibada katika shule zake. Moja ya hoja za majaji hao naomba uisome bila hasira. Walisema shule ziko wazi zaidi siku ya Jumapili. Ijumaa na Jumamosi zina shughuli nyingi zaidi za wanafunzi. Kwa hiyo, hata kama mlango umefunguliwa kwa dini zote, kwa vitendo Wakristo wanaoabudu Jumapili ndio watakaopata, na wanaosali Ijumaa au Jumamosi watabaki nje. Tena jiji halikuwa likitoza pango, bali gharama za usafi na ulinzi, kwa hiyo walipa kodi wote walikuwa kama wanalibebea kanisa sehemu ya mzigo wake. Nilipokutana na hoja hiyo niliwaza majirani zetu Waislamu, na Wasabato wetu, ambao hatujawahi hata kuwauliza kama nao wangependa darasa.

Jiji likatoa tarehe ya mwisho: 12 Februari 2012, makanisa yote nje. Mwezi wa kwanza wachungaji wakaingia barabarani kuomba na kuandamana. Baadhi walikamatwa, akiwemo diwani wa jiji, Fernando Cabrera, ambaye mwenyewe ni mchungaji. Tarehe ikafika, makanisa yakafunga virago. Siku chache baadaye Jaji Preska akazuia tena, yakarudi. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikageuza tena. Tarehe 30 Machi 2015 Mahakama Kuu ikakataa kuisikiliza rufaa ya kanisa, na hapo njia ya mahakama ikafungwa. Miaka ishirini ya kesi, kanisa limeshindwa.

Na bado makanisa hayakutoka! Kwa nini? Kwa sababu meya alikuwa amebadilika. Bill de Blasio alisema ataendelea kuyaruhusu, na yakaendelea. Wakati huo Bronx Household of Faith lenyewe lilikuwa limeshajenga jengo lake.

Umeona tofauti, mpendwa? Mwaka 2003 wale watu waliingia shuleni kwa amri ya mahakama, wakijua hakuna meya wala mwalimu mkuu wa kuwagusa. Mwaka 2016 makanisa yale yale yaliingia kwenye vyumba vile vile, pengine kwa ufunguo ule ule, lakini kwa hisani ya mtu mmoja mwenye ofisi. Ukisimama nje huwezi kuona tofauti hiyo, nyimbo ni zile zile. Inaonekana siku yule mtu anapoondoka.

Na hivyo ndivyo tunavyoishi sisi, karibu matawi yetu yote yasiyo na jengo. Tunaishi kwa hisani. Mwalimu mkuu ni mtu mwema, labda mke wake ameokoka, labda yeye mwenyewe anapenda kwaya. Anaongea na mwenyekiti wa kamati ya shule kwa simu, mlinzi anaambiwa "hawa wafungulie". Fedha inatolewa mkononi, mara nyingine inaandikwa, mara nyingine inaitwa sadaka ya chaki. Kisha uhamisho unakuja. Katika mji mmoja wa mpakani, shule siitaji, tulifika Jumapili tukakuta kufuli mpya na mlinzi mpya. Mwalimu mkuu mpya hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na karatasi yoyote inayomwambia sisi ni nani.

Nadhani hisani hii imeongezeka kwa sababu nyingine pia, nayo ni elimu bila ada. Uganda ilianza 1997, Kenya 2003, Burundi 2005, Tanzania ikaipeleka mpaka kidato cha nne 2016, na Kongo ikaanza shule za msingi 2019. Ni jambo jema, mimi mwenyewe nina watoto wanaonufaika. Lakini shule yenye madarasa ya watoto themanini na ruzuku inayochelewa itaona mpangaji wa Jumapili kama baraka. Mwalimu mkuu ananunua balbu na kufuli kwa pesa yetu. Ndipo hatari inapoingia, maana fedha isiyoandikwa ikianza kuzoeleka, afisa elimu akija kukagua, anayeulizwa ni mwalimu, na anayefukuzwa ni kanisa.

Mwaka 2020 ulitupima. Machi ile shule zilifungwa Kenya, Tanzania na Uganda kwa ajili ya korona. Tanzania haikufunga nyumba za ibada. Makanisa yenye majengo yakaendelea kuabudu, lakini kanisa la darasani lilijikuta ni shule, na shule imefungwa, mpaka mwisho wa Juni wanafunzi waliporudi. Kenya shule zilifunguliwa kikamilifu Januari 2021. Uganda ndiyo iliyongoja kuliko wote, mpaka 10 Januari 2022, karibu miaka miwili. Hesabu Jumapili za miaka miwili. Kundi dogo lisilo na jengo linaweza kuyeyuka ndani ya muda huo na hakuna atakayeandika habari zake kwenye jarida la maadhimisho.

Wapo watumishi wenzangu wanaosema dawa ni moja tu: jengeni. Kweli, lakini kiwanja mjini leo si mchezo, na kundi la watu thelathini wauza mboga na bodaboda litajenga lini? Hao wataendelea kuhitaji darasa. Wengine wanasema tumtafute kiongozi wa serikali aliyeokoka atuwekee neno. Hiyo nayo ni hisani, ila ya cheo kikubwa zaidi. Akistaafu je?

Ndiyo maana nimewasumbua na habari za Rochester na Center Moriches. Kanisa lililoonyesha filamu za Dobson liliingia mlango ambao majirani wasio wa kanisa walikuwa wameufungua kwa ajili ya mijadala na mazoezi ya viungo. Ukitaka ufunguo usiotegemea moyo wa mtu, itabidi ukubali ufunguo huo upatikane pia kwa akina mama wa VICOBA, kwa vijana wa karate, kwa darasa la elimu ya watu wazima (hili si geni, Tanzania ilitangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na watu wakajaa kwenye madawati ya watoto wao jioni), na ndiyo, kwa ndugu wa imani nyingine wakiomba kwa utaratibu ule ule. Baadhi yenu hamtalipenda hilo. Tumezoea kuomba kama watu wa pekee. Lakini angalia mlolongo wa kesi zile: pale kanisa lilipodai kutendewa sawa na wengine lilishinda, na pale ilipoonekana linapata zaidi ya wengine lilishindwa.

Lipo tawi moja la ushirika wetu, halipendi kutajwa, ambalo limefanya hivyo. Halikwenda kwa mwalimu mkuu peke yake. Liliandika barua kwa kamati ya shule, nakala kwa ofisi ya kata, na likawashawishi viongozi wa kikundi cha kuweka na kukopa na wa timu ya mpira wa pete waandike barua zao wiki hiyo hiyo. Kamati ikakaa kikao kimoja, ikatengeneza karatasi ya kurasa mbili kwa wote. Kiasi ni kimoja kwa kila kikundi kwa kila chumba, kinalipwa kwenye akaunti ya shule na stakabadhi inatolewa. Vipaza sauti mwisho saa saba mchana. Madawati yanarudishwa kwa mstari kabla ya kuondoka, ubao haufutwi. Wakati wa mitihani ya taifa wote wanapisha. Walimu wakuu wawili wameshahama tangu karatasi hiyo iandikwe. Inaning'inia kwenye mlango wa stoo, na jina la kanisa letu ni la nne kwenye orodha, chini ya mpira wa pete.